Amiga 1200 mezani: mazungumzo na mafundi na wanafunzi, Tanga

Mwenyekiti wa kikao, walimu wangu, mafundi wenzangu, na nyinyi wanafunzi mliojibana kule nyuma karibu na mlango: wakubwa shikamooni, wadogo habari za asubuhi.

Aliyenialika aliniambia nizungumzie teknolojia ya kisasa. Nimemletea mashine ya mwaka 1992, anisamehe. Kidude hiki mnachokiona mezani, ambacho zamani kilikuwa cheupe na sasa kimeiva rangi ya samli, ni Commodore Amiga 1200. Kilianza kuuzwa Oktoba 1992, na Uingereza bei yake ilikuwa pauni 399. Kibodi ndiyo kompyuta yenyewe, kila kitu kimo humu ndani. Unaichomeka kwenye televisheni ya sebuleni, unatia flopi, ile diski ndogo ya plastiki ya zamani, hapa ubavuni, mtoto anacheza, baba anaandika barua.

Na sebule hizo hazikuwa zetu. Wazee mliomo humu mnakumbuka kwamba mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Televisheni yenyewe, ukiondoa wenzetu wa Zanzibar, huku Bara tulianza kuiona mwaka 1994. Aprili mwaka huohuo kampuni ya Commodore ikafilisika. Yaani sisi tunapata kioo cha kuchomekea, wao wanafunga duka. Kwa hiyo mkisikia Waingereza na Wajerumani wa umri wangu wakiizungumzia mashine hii kwa machozi, jueni wanaulilia utoto wao. Mimi utoto wangu ulikuwa Ngamiani, na matairi ya baiskeli. Nilikutana na Amiga nikiwa mtu mzima mwenye familia, nafanya kazi Uingereza, kwenye mnada wa vitu vilivyotumika, imelala kati ya birika na viatu vya mpira.

Niliinunua kwa sababu moja tu: ina skrubu chini. Fundi akiona skrubu hawezi kulala.

Leo nataka niwaonyeshe namna ya kuiongezea vitu. Ninyi mafundi wa simu mnaweza kuuliza faida yake nini. Simu mnazozifungua kila siku zimefichwa, chipu moja imemeza kila kitu, mkibadilisha kioo na betri mmemaliza. Humu ndani prosesa iko peke yake na memori iko peke yake. Ukiongeza kitu unaona nani amefurahi na nani amekasirika.

Nianze na kisa cha aibu yangu.

Kitu kimoja nilichoiongezea kilikuwa kadi ya prosesa. Mashine imetoka kiwandani na Motorola 68EC020, inakwenda megahezi 14 na kidogo. Kadi yangu ilikuwa na 68030 ya megahezi 50, na memori yake juu. Inaingia kwa chini, kwenye huu mlango mdogo. Niliisukuma ikakaa, nikawasha, ikawaka. Nikamwita mke wangu aje aone. Akaja, na mbele yake ikazima na kuwaka upya yenyewe. Nikaiwasha tena, ikaenda vizuri dakika kumi. Nikatia flopi, kiendeshi kikaanza kuzunguka, ikazima. Wiki mbili nzima nilimlaani aliyeniuzia kadi. Niliitoa nikasafisha meno yake, nikairudisha, nikaitoa. Nilimwandikia hata barua ya ukali. Bado naionea haya ile barua.

Kadi ilikuwa nzima. Kosa lilikuwa umeme.

Adapta iliyokuja na hii mashine yangu imeandikwa chini: volti 5, amperi 3. Aliyeipanga alipiga hesabu ya watu waliokuwepo siku ile, yaani bodi, kiendeshi cha flopi, na kitu kidogo cha ziada. Mimi nimeleta prosesa ya megahezi 50 na memori, nikawakalisha kwenye sinia lilelile. Flopi ilipoanza kuzunguka, kila mmoja akanyoosha mkono, chakula kikaisha. Nilipokuja kupima mwishoni, nikiwa nimeshakata tamaa, mita ikaniambia volti 4.6. Chipu za enzi hizi zinataka 5, na zinavumilia mpaka 4.75 hivi. Chini ya hapo zinaanza kusahau.

Sasa sikilizeni jinsi ya kupima, kwa sababu hata mimi nilipima vibaya mara ya kwanza. Nilichomoa adapta, nikaipima mdomoni peke yake, ikanionyesha 5 na ushee, nikairudisha nikiwa na imani. Adapta isiyobeba mzigo itakudanganya, kama mtu anayejisifu kubeba gunia ambalo bado liko chini. Pima mashine ikiwa inafanya kazi. Humu ndani kuna nyaya nne zinazokwenda kwenye kiendeshi cha flopi: nyekundu ni volti 5, njano ni 12, nyeusi mbili ni ardhi. Tia ncha ya mita kwenye nyekundu na nyeusi, kisha iambie isome flopi. Tazama namba inavyoanguka. Hiyo ndiyo namba ya kweli.

Waingereza wengi walitatua jambo hili kwa kuazima adapta nzito ya mashine ya kabla yake, Amiga 500, yenye amperi 4 na zaidi. Plagi ya kuingia kwenye mashine ni ileile. Siku hizi ziko mpya. Hii niliyokuja nayo ni mpya, na plagi yake ya ukutani ni ya miguu mitatu kama yetu, maana hilo tulirithi kwao. Haikuhitaji hata kiunganishi.

Nikiwa hapohapo kwenye umeme: Commodore 64, kaka mkubwa wa hii, iliyotoka 1982, adapta yake ina tabia mbaya kinyume chake. Ikizeeka haishuki, inapanda. Kile kirekebisha volti kilichozikwa ndani ya zege la plastiki kinakufa, umeme unaokwenda kwenye volti 5 unapanda, na memori zinaungua. Mtu akikuletea Commodore 64 na adapta yake ya asili, usiwashe kwa heshima ya mgeni. Pima kwanza.

Haya, tuifungue.

Skrubu ziko chini. Ukishazitoa, geuza mashine, inua mfuniko pole pole, kwa sababu kuna kijiwaya cha taa kinachoshika mfuniko na bodi. Ukivuta kwa pupa unakikata. Halafu kibodi: imeunganishwa kwa utepe huu mwembamba wa plastiki, na njia zake ni wino tu uliochapwa juu. Utepe huu unaingia kwenye mdomo wenye kufuli. Inua kufuli kwanza, kwa kucha mbili, milimita moja au mbili. Ukiuvuta utepe kabla ya kufungua kufuli, wino unachubuka, na herufi nusu ya kibodi zinakufa. Kibodi mpya hutapata Barabara ya Nane wala ya Ishirini. Chini yake kuna ngao ya bati, imeshikwa na vimasikio vilivyopindwa. Vinyooshe kwa koleo, visizidi mara mbili tatu katika maisha yake, vinavunjika.

Bodi hiyo. Wanafunzi sogeeni, haing'ati.

Mnaona hivi vikopo vidogo vya fedha, virefu kama punje ya mahindi? Kapasita za juu ya bodi. Ndani yake mna maji ya kemikali, na baada ya miaka thelathini yanavuja kwa chini, mahali ambapo jicho halifiki. Dalili ya kwanza huwa sauti: muziki unakuwa mdogo, wa upande mmoja, mtu anadhani televisheni mbovu. Dalili ya pili ni hii niliyoisikia kwa pua. Nilipogusa mguu wa kapasita ya kwanza kwa sodaringi, chumba kizima kilinuka ng'onda. Mimi mtu wa Tanga, nikacheka peke yangu, nikakumbuka soko la Deep Sea. Ule si moshi wa risasi. Ni yale maji yaliyovuja yanaungua, na pale yalipofika shaba imeanza kuliwa.

Kuzitoa kuna ubishi mwingi. Wapo wanaozikata kwa koleo, wapo wanaozinyonga mpaka zinyofoke. Mimi sikubaliani nao, ingawa nao wana mashine zinazofanya kazi. Chini ya kila kapasita kuna vipande viwili vya shaba, na kama maji yale yamekula gundi yake, ukinyonga vinang'oka pamoja. Kimoja kiling'oka mikononi mwangu, tena sikunyonga, nilikuwa na haraka tu. Ikabidi nikwangue njia ya shaba mpaka ing'ae, nichomelee waya mwembamba kama unywele kutoka pale mpaka mguu wa pili. Mpaka leo upo, huu hapa, pembeni ya soketi za sauti. Ninyi wa simu mna bloa ya hewa ya moto, tumieni bloa, lakini funikeni plastiki za jirani kwa utepe wa joto. Kisha safisheni kwa spiriti safi, mswaki, spiriti tena. Halafu ndipo mpya zikae, na upande wa hasi uende kwenye hasi.

Mtu akikuletea Amiga 500 Plus, kabla ya yote haya ondoa betri. Iko kama pipa dogo, imechomelewa juu ya bodi, nayo inatapika. Hii 1200 haikuwekewa, tumshukuru Mungu.

Sasa memori, na hapa ndipo penye utamu.

Mashine imekuja na memori ya megabaiti 2. Picha moja ya simu zenu haiingii humo. Lakini udogo si tatizo lake kubwa. Memori hiyo ni ya pamoja: prosesa inachota humo, na chipu za picha na sauti zinachota humohumo. Ni bomba moja la mtaa. Chipu za picha zina haki ya kwanza kwa sababu kioo hakisubiri, kwa hiyo prosesa imesimama na ndoo yake kwenye foleni. Ukitia memori ya pili kwa huku chini, ambayo chipu za picha haziifikii, prosesa imejengewa kisima chake uani. Prosesa ileile, megahezi zilezile, na kazi nyingi zinakwenda karibu mara mbili. Kwa shilingi iliyotumika, hakuna nyongeza inayoishinda.

Nilinunua kadi ya megabaiti 8, ya kwanza kabisa kabla ya ile ya prosesa niliyowasimulia. Ilifanya kazi vizuri. Ila mashine ina mlango mwingine hapa ubavuni, wa kadi za PCMCIA, zile za kompyuta za mkononi za zamani. Mlango huo ndio nilikuwa nikihamishia mafaili kutoka kwenye laptopu, kwa memori kadi. Siku nilipotia megabaiti 8, mlango ukafa.

Prosesa hii ina waya 24 za anwani, basi dunia yake yote ni megabaiti 16. Fikirieni mtaa wenye viwanja 16. Viwili vya mwanzo ni vya memori ya pamoja. Vinane vinavyofuata ni vya wanaokuja kujenga. Lakini mhandisi alipoweka ule mlango wa ubavuni, akaupa viwanja vinne, na vinne hivyo ni nusu ya juu ya vilevile vinane. Kadi yangu ilikuja na hati ya vinane vyote. Kiwanja kimoja, hati mbili. Kesi hizi tunazisikia za Dar, kumbe zimo mpaka humu. Dawa ilikuwa jampa moja kwenye kadi, kile kifuniko kidogo kinachounganisha pini mbili: ukiihamisha, kadi inadai megabaiti 4 tu, nyingine inaziacha zilale, na mlango unafufuka. Nililipia nane nikatumia nne. Kadi za 68030 hazina ugomvi huu, kwa sababu memori yake inajengwa nje kabisa ya mtaa, kwenye anwani ambazo prosesa ya zamani haikuwahi kuzifikia.

Kuhifadhi mafaili ni rahisi kuliko mnavyofikiri. Bodi ina soketi ya IDE ya pini 44, ya diski ngumu za laptopu. Diski zile zimekufa nyingi, na zilizobaki zinalia kama panya. Lakini memori kadi za CompactFlash, zile za kamera kubwa, zinaongea lugha ya IDE zenyewe. Kiunganishi chake hakina hata chipu ya kutafsiri, ni nyaya tu kutoka pini kwenda pini. Chukua kadi ndogo, ya gigabaiti 4, usitamani ya 64. Programu iliyomo kwenye ROM za enzi ile, yaani chipu zinazoshika programu ya kuwashia mashine, inahesabu mpaka gigabaiti 4 halafu inaanza upya kutoka sifuri, na hapo inaandika juu ya kichwa cha diski yako huku ikitabasamu.

Na lipo la pili, dogo zaidi, lililonila picha za harusi ya dada yangu. Nilizipunguza ukubwa, nikazihamishia kwenye Amiga niwaonyeshe wageni. Zile ndogo zikafunguka. Zile kubwa, nusu ya juu bibi harusi, nusu ya chini mistari ya rangi kama kanga iliyoloweka usiku. Kisa chake: programu ya diski inapoomba data nyingi kwa mkupuo mmoja, kadi nyingi haziwezi kutoa zaidi ya sekta 255 kwa pamoja. Hazikatai. Zinatoa pungufu na kunyamaza. Kwenye mipangilio ya diski kuna nafasi ya kuandika kikomo cha mkupuo. Andika baiti 130,560, yaani sekta 255 mara baiti 512. Namba hiyo iandikeni kwenye daftari, msiitafute usiku wa manane kama mimi. Picha nilihamisha upya, bibi harusi akapata miguu.

ROM nitapita haraka. Ziko mbili, na ukitaka toleo jipya unazibadilisha zote mbili kwa pamoja. Soketi ina pini 42, chipu ina 40, kwa hiyo matundu mawili yanabaki wazi upande mmoja. Piga picha kwa simu kabla ya kuchomoa. Nimemaliza.

Nimeulizwa kabla sijapanda hapa, na kijana mmoja ambaye bila shaka amesoma, kuhusu PiStorm. Kwa wasiojua: ni bodi ya Claude Schwarz inayokuwezesha kuchukua Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo ya siku hizi, ukaichomeka mahali pa prosesa, nayo ikajifanya Motorola. Inakimbia kuliko Motorola yoyote iliyowahi kuingia kwenye Amiga, na ni rahisi kuliko kadi ya 68030 iliyotumika. Nimeijaribu. Siidharau kabisa, na mtu asiye na fedha nitamwambia achukue hiyo. Ila kwangu ni kama kufunga injini ya bodaboda kwenye Phoenix ya babu. Itakwenda, na breki zitabaki zilezile za vyuma. Raspberry moja ina memori mara mia kadhaa ya mashine inayoitumikia. Siku ya pili nilijikuta sijui tena ninachotengeneza, nikaitoa. Hayo ni yangu, mwingine atasema vingine, na hatutagombana.

Jambo moja la mafundi, kwa sababu nimeona mmekuja na vifaa. Ongezeni kitu kimoja, washeni, tumieni siku mbili, ndipo kingine. Nilipotia kadi na diski na kapasita mpya siku moja, kisha ikagoma, nilikuwa na washukiwa watatu na wote wananitazama. Na kamwe usichomeke wala kuchomoa kadi umeme ukiwa unawaka, hata kama taa imezimwa kwa swichi. Vuta waya ukutani.

Kadi ya megahezi 50 hii hapa, kwenye mfuko wa kuzuia umeme tuli. Sijaitia makusudi. Bodi iko wazi, adapta mpya imechomekwa, televisheni tumeiazima kwa mlinzi, asanteni. Nataka mtu mmoja asiyetetemeka mikono. Wewe binti, wa shati la kijani, njoo. Mita hiyo hapo, iweke kwenye volti za DC. Ncha nyeusi kwenye waya mweusi, nyekundu kwenye mwekundu, usiguse wa njano. Mwenzako atatia flopi. Ikianza kuzunguka, tusomee namba kwa sauti, mpaka walioko mlangoni wasikie. Ikifika chini ya 4.75, kadi inabaki mfukoni na sote tunakwenda kunywa chai.